Kipimo cha Shiller kimepanda Marekani: je, mwanahisa wa Mwanza auze?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nyegezi, Mwanza. Nina hisa za CRDB nilizonunua mwaka 2009 zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 150, na nyingine za NMB nilizoongeza baadaye. Mwanangu anayeishi Marekani amenitumia mchoro wa kipimo kiitwacho CAPE. Anasema kinaonyesha soko la huko ni ghali kuliko karibu wakati wowote tangu karne ya 19, na ananisihi niuze hisa zote kabla bei hazijaanguka. Je, kipimo hiki kinaaminika? Na kwa soko letu la Dar es Salaam kinasemaje?

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Nianze na jibu lenyewe ili usikae na wasiwasi mpaka mwisho wa maelezo. Usiuze kwa sababu ya mchoro huo. Mchoro ni wa kweli, na kipimo kilichouzaa ni miongoni mwa vipimo ninavyoviheshimu sana katika kazi hii, ila swali kinaloweza kulijibu ni tofauti na lile linalomtia hofu mwanao. Kinamweleza mnunuzi wa leo atarajie mapato ya aina gani kwa miaka 10 au 15 ijayo. Bei zitaanguka mwezi gani au mwaka gani, hakijui. Tena kinapima kampuni 500 za Marekani, na benki zako mbili hazimo humo. Hizo inabidi zipimwe zenyewe, na hesabu yake haimshindi mtu aliyewahi kusahihisha mitihani ya darasa la saba.

Kanuni ya kwanza anayofundishwa mgeni wa soko la hisa ni kugawanya bei ya hisa kwa faida ya mwaka kwa kila hisa. Hisa inayouzwa shilingi 600 huku kampuni ikipata faida ya shilingi 100 kwa kila hisa ina uwiano wa 6, yaani unalipia faida ya miaka 6. Uwiano ukiwa mdogo, hisa husemwa ni rahisi. Ukiwa mkubwa, ni ghali. Kanuni hii inafaa siku nyingi, lakini inakuangusha siku ile unayoihitaji kuliko zote, kwa sababu faida ya mwaka mmoja hupanda na kushuka kwa kasi kuliko thamani ya kampuni yenyewe.

Tazama yaliyotokea Marekani mwaka 2009. Benki zilikuwa zimepata hasara za kutisha, na faida ya jumla ya kampuni zilizomo kwenye fahirisi ya S&P 500, yaani namba inayofuatilia bei za hisa za zile kampuni 500, ilikuwa imeporomoka kuliko bei zenyewe zilivyoporomoka. Uwiano wa kawaida ukapita 100. Mtu aliyeutazama huo peke yake angeapa kwamba hisa hazijawahi kuwa ghali kiasi hicho. Kumbe fahirisi ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake, ikafunga kwenye 676 tarehe 9 Machi 2009, na kuanzia hapo ikapanda kwa zaidi ya muongo mzima. Uwiano ulisema ghali wakati hisa zilikuwa rahisi.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani. Benjamin Graham na David Dodd, walimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, walishauri tangu 1934 kwamba faida ichukuliwe kwa wastani wa miaka mingi, mitano, saba, na ikiwezekana kumi, ili mwaka wa neema na mwaka wa hasara vifidiane. Mwaka 1988 wachumi wawili, John Campbell na Robert Shiller, wakaiweka fikra hiyo kwenye takwimu za Marekani zinazorudi nyuma hadi 1871. Wakachukua faida ya kila mwaka kwa miaka 10, wakairekebisha kwa mfumuko wa bei ili dola ya zamani ilingane na dola ya leo, wakatafuta wastani, kisha wakaigawanya bei ya leo kwa wastani huo. Hicho ndicho CAPE, na wengi hukiita kwa jina la Shiller, ambaye mwaka 2013 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Wastani wa kipimo hiki kwa historia yote ya Marekani uko kwenye 17 hivi. Mwaka 1920 kilishuka hadi karibu 5, na mwaka 1982 hadi karibu 7. Kabla ya anguko la Oktoba 1929 kilikuwa kimevuka 30, na Desemba 1999, wakati wa homa ya kampuni za intaneti, kilifika 44. Machi 2009, wakati uwiano wa kawaida ukipaa kuelekea 100, kipimo cha Shiller kilisoma 13 tu. Hapo unaona kwa nini nakiheshimu: katika siku ambayo kipimo cha kawaida kilikuwa kinadanganya, hiki kilisema kweli.

Sasa swali la utabiri. Aliyenunua hisa za Marekani katikati ya 1982 alikuta fahirisi ikiwa karibu 102, na miaka 10 baadaye ilikuwa imepita 400, kabla hata ya kuhesabu gawio. Aliyenunua mwishoni mwa 1999 alimaliza miaka 10 akiwa na fedha pungufu kuliko alizoanza nazo, hata akijumlisha gawio. Mwelekeo huo umejirudia mara nyingi kiasi kwamba si rahisi kuuita bahati: bei ya kuanzia ikiwa juu sana, mapato ya muongo unaofuata huwa madogo, na ikiwa chini sana, huwa makubwa.

Lakini angalia kilichotokea kwa wale waliokigeuza kuwa saa ya kuuzia. Tarehe 3 Desemba 1996, Campbell na Shiller walikwenda kwenye benki kuu ya Marekani na kueleza kwamba bei zimepita kiasi. Kipimo kilikuwa karibu 28. Siku mbili baadaye mwenyekiti wa benki hiyo, Alan Greenspan, akauliza katika hotuba tutajuaje pale msisimko usio na sababu umepandisha thamani ya mali kupita kiasi. Masoko ya dunia yalitikisika kidogo, kisha yakaendelea kupanda. Fahirisi iliyokuwa kama 744 siku ile ilifika 1,527 Machi 2000. Aliyeuza 1996 alikaa zaidi ya miaka 3 akiwatazama wenzake wakizidisha fedha zao maradufu. Ni kweli kwamba Machi 2009 fahirisi ilishuka chini ya pale ilipokuwa Desemba 1996, kwa hiyo onyo halikuwa la uongo. Ila ni nani mwenye subira ya miaka 12?

Jambo lilelile limerudi katika siku zetu. Kipimo kilivuka 30 mwaka 2017, fahirisi ikiwa kwenye 2,470 hivi. Walioogopa wakauza. Mwisho wa 2024 fahirisi ilikuwa 5,881. Katikati hapo palikuwa na anguko la Machi 2020 na lile la 2022, na hakuna hata moja lililoirudisha fahirisi kwa muda mrefu kule ilikokuwa 2017. Sidai kwamba bei za Marekani ni salama. Nionavyo mimi, anayenunua huko kwa bei za namna hii ajiandae kwa muongo wenye mapato ya chini kuliko yale ya nyuma. Lakini kutoka "mapato ya chini" hadi "uza zote leo" ni mbali, na kipimo chenyewe hakikufikishi huko.

Kuna udhaifu mwingine ambao wauza hofu hawausemi. Takwimu za Marekani zinaonekana nyingi, miaka 140 na zaidi. Ila kipimo kinazungumzia miongo. Ukiigawa miaka 140 katika vipande vya miaka 10 visivyopandiana, unabaki na vipande 14. Mwalimu, ungemhukumu mwanafunzi kwa maswali 14, tena yote kutoka somo moja la nchi moja? Ungesema ana mwelekeo mzuri, usingesema umemjua. Nchi nyingine huonyesha upande mwingine: soko la Japani lilifika kileleni tarehe 29 Desemba 1989, fahirisi ya Nikkei ikiwa 38,915, na kilele hicho hakikupitwa hadi Februari 2024. Kipimo cha muda mrefu kilisema Japani ni ghali mno, na kilikuwa sahihi, lakini baada ya hapo kiliendelea kushuka kwa miaka mingi, kikiwaponza waliokuwa wananunua mapema kila kilipoonekana kimepungua vya kutosha.

Zipo pia lawama za kihasibu. Jeremy Siegel, mchumi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, amesisitiza kwamba kanuni za uhasibu zilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni zikatakiwa kufuta haraka kwenye vitabu thamani ya mali iliyopungua. AOL Time Warner peke yake iliandika hasara ya karibu dola bilioni 99 kwa mwaka 2002. Hasara ya namna hiyo huingia kwenye wastani na kukaa humo miaka 10, ikifanya faida ionekane ndogo na kipimo kionekane kikubwa. Tena kampuni za Marekani siku hizi hutumia fedha nyingi kununua hisa zake zenyewe badala ya kulipa gawio, jambo linalokuza faida kwa kila hisa kwa kasi ambayo wastani wa zamani haukuizoea. Lawama hizi nazikubali kwa sehemu. Zinapunguza pengo kati ya leo na zamani, haziliondoi.

Lawama nzito kuliko zote ni hii: nani alisema wastani wa 17 ni sheria? Huenda dunia imebadilika, na wastani mpya ni 25. Tangu miaka ya 1990 kipimo kimekaa juu ya 17 karibu muda wote. Anayengoja kirudi huenda atangoja mpaka uzeeni.

Hapa kwetu Mwanza jambo la namna hii tunaliona kwa macho. Kina cha Ziwa Victoria kimekuwa kikipimwa Jinja tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miaka 60 hivi kilipanda na kushuka bila kwenda mbali, watu wakakizoea. Mwishoni mwa 1961 zikanyesha mvua kubwa, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mwenye wastani wa miaka 60 mkononi angesema maji yatarudi mwakani, au mwaka utakaofuata. Hayakurudi kwa takriban miaka 40. Kizazi kizima kikalima, kikajenga na kuweka mialo kwa kufuata ufuko mpya. Kisha 2005 na 2006 ziwa likashuka hadi karibu na viwango vile vya kabla ya 1961, na Mei 2020 likapanda hadi kuifikia na kuipita kidogo rekodi ya 1964, maji yakaingia kwenye nyumba za watu. Aliyeamini wastani wa zamani bila kuhoji alikosea kwa miaka 40. Aliyeamini kwamba wastani umehama moja kwa moja naye akakosea. Bei za hisa zina tabia hiyohiyo, na ndiyo maana siwezi kukuambia 17 itarudi, wala siwezi kukuambia haitarudi.

Njia moja ya kutoka kwenye utata huo ni kutoutazama wastani wa kale kabisa, badala yake kulinganisha hisa na kile ambacho fedha zako zingepata leo mahali pengine. Shiller mwenyewe alielekea huko mwaka 2020. Unakigeuza kipimo juu chini: kipimo kikiwa 33, 1 gawanya kwa 33 ni asilimia 3, na hayo ndiyo mapato halisi unayoyanunua kwa bei hiyo. Kisha unayalinganisha na riba ya hati fungani za serikali, yaani fedha unazoikopesha serikali kwa riba, baada ya kutoa mfumuko wa bei. Riba zilipokuwa karibu na sifuri huko Marekani, asilimia 3 haikuwa mbaya. Riba zilipopanda kuanzia 2022, asilimia hiyohiyo ikawa haina mvuto. Kwa sisi Tanzania, ambako hati fungani hulipa riba ya kueleweka, ulinganisho huu ni wa maana zaidi kuliko wastani wowote wa historia, nami nitaurudia hapa chini.

Tuje Dar es Salaam. Hakuna CAPE ya soko letu inayostahili jina hilo, na sishauri mtu aiunde. Biashara ya hisa ilianza Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa ile ya gesi, TOL. Kampuni zilizoorodheshwa hazijafika hata 30, na baadhi yake ni za Kenya zilizoorodheshwa pia kwetu, kama benki ya KCB na kampuni ya bia ya EABL, ambazo bei zake zinaamuliwa Nairobi. Fahirisi inayozijumuisha itapanda na kushuka kwa mambo yasiyohusu uchumi wetu. Halafu bei zenyewe: bei ya kiwanda cha sigara, TCC, ilisimama kwenye shilingi 17,000 kwa miaka kadhaa kwa sababu karibu hakuna aliyeuza wala kununua. Bei isiyotikisika kwa miaka haikuelezi soko linafikiria nini. Ukiiweka kwenye fomula utapata namba yenye nukta za desimali na isiyo na maana.

Kinachowezekana, na chenye faida, ni kuichukua fikra ya wastani wa miaka 10 na kuitumia kwa kampuni moja moja. Benki zinaihitaji kuliko kampuni nyingine zote. Wewe umeyaona kwa CRDB: mwaka 2016 na 2017 faida ilishuka sana, mikopo chechefu, ile ambayo wakopaji wameshindwa kuirejesha kwa wakati, katika sekta nzima ikapita asilimia 10, mara mbili ya kiwango cha asilimia 5 ambacho Benki Kuu inakiona kinavumilika. Baadaye mikopo hiyo ikapungua hadi chini ya asilimia 5 na faida ikaongezeka mara kadhaa. Ni benki ileile, matawi yaleyale ya Mwanza, lakini uwiano wake wa kawaida ulisimulia hadithi mbili zinazopingana.

Nitakuonyesha kwa benki ya kubuni, namba zikiwa zangu ili hesabu iwe nyepesi. Faida yake kwa kila hisa, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa kumi, ni shilingi 40, 25, 12, 22, 45, 60, 80, 105, 125 na 150. Mwaka wa tatu, ule mbaya kabisa, hisa iliuzwa shilingi 150. Mwaka wa kumi inauzwa 900. Kwa uwiano wa kawaida, mwaka wa tatu hisa ilikuwa na 12.5 na mwaka wa kumi ina 6 tu. Kwa hiyo utaambiwa leo, bei ikiwa imepanda mara sita, hisa ni rahisi kuliko ilivyokuwa wakati ule watu wakiikimbia.

Sasa tumia wastani mrefu. Tuchukue mfumuko wa bei wa asilimia 4 kila mwaka. Shilingi 40 za mwaka wa kwanza ni sawa na 57 za leo, 12 za mwaka wa tatu ni sawa na 16 za leo, na kadhalika mpaka mwaka wa kumi ambao haurekebishwi. Jumla inakuja kama 743, wastani 74. Gawanya 900 kwa 74, unapata 12. Tuseme kwa ule mwaka wa tatu, wastani wa miaka 10 iliyoutangulia ulikuwa shilingi 30: 150 kwa 30 ni 5. Picha imegeuka. Wakati wa woga hisa ilikuwa na 5, leo wakati wa furaha ina 12. Aliyenunua kwa 5 alivuna, na anayenunua kwa 12 atavuna pungufu kuliko huyo, hata kama benki haitaharibika.

Je, 12 ni ghali? Hapo hesabu inaisha na kazi ya kuijua kampuni inaanza. Wastani mrefu huionea kampuni iliyokua kweli, kwa sababu inavuta ndani miaka ambayo ilikuwa ndogo. Swali la kujiuliza kuhusu zile shilingi 150 za mwisho ni kama ni ufuko mpya au maji ya msimu. Faida iliongezeka kwa sababu mawakala wamefika vijijini, gharama za matawi zimepungua na amana za bei nafuu zimeongezeka? Hayo huwa yanadumu. Au iliongezeka kwa sababu mikopo mingi mipya bado haijafika umri wa kuchechemea, na fedha zilizotengwa kwa ajili ya mikopo mibovu zimepunguzwa? Hayo hurudi kudai. Kwenye taarifa ya mwaka tafuta mstari wa tengo la hasara za mikopo, uone limekuwaje mwaka hadi mwaka. Mimi mstari huo huusoma kabla ya mstari wa faida.

Geuza 12 juu chini, unapata asilimia 8 na ushee, mapato halisi. Mwaka 2022 serikali ilitoa hati fungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 12.56, mwaka mmoja kabla yake ilikuwa 15.95. Ukitoa mfumuko wa bei wa asilimia 4, ile ya 12.56 inabaki 8.5 hivi. Wengi hukosea hapa: hulinganisha 8 ya hisa na 12.56 ya hati fungani moja kwa moja, wakasema hisa hazifai. Faida ya kampuni hupanda pamoja na bei za vitu, riba ya hati fungani haipandi. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 19.8 Desemba 2011, na mwenye riba isiyobadilika alikuwa anapoteza fedha huku akipokea malipo kwa wakati. Kwa mfano wetu, basi, hisa na hati fungani zinakaribiana, na bei ya hati fungani kwenye mnada inaweza kukupa zaidi au pungufu ya riba iliyoandikwa. Kumbuka pia kwamba gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, wakati riba ya hati fungani za muda mrefu za serikali haikatwi.

Je, Marekani ikianguka, Dar haitatikisika? Inaweza. Kati ya katikati ya 2008 na Machi 2009 soko la Nairobi lilipoteza karibu nusu ya thamani, kwa kuwa wawekezaji wa nje walikuwa wengi na walihitaji fedha zao. Kwetu mtikisiko ulikuwa mdogo, lakini wawekezaji wa nje wana uzito kwenye mauzo ya hisa zetu kubwa. Bei za benki zako zinaweza kushuka kwa sababu hiyo huku benki zenyewe zikiwa hazijapata shida yoyote. CRDB iliorodheshwa Juni 2009, miezi michache tu baada ya masoko ya dunia kugonga mwamba, na wewe ukanunua. Sidhani kama umewahi kujutia.

Kinachonitia wasiwasi mimi kuhusu hisa zako ni kingine kabisa, Mwalimu. Ni benki mbili za nchi moja, zinazokopesha wateja wa aina moja. Mwaka ambao mikopo itachechemea kwa moja, itachechemea kwa zote. Na wewe umestaafu. Fedha ambazo utazihitaji ndani ya miaka 3, za matibabu, za kumalizia nyumba, za ada ya mjukuu, hazitakiwi kukaa kwenye hisa, kipimo kiwe 5 au 30. Ikiwa sehemu ya fedha hizo imo humo, itoe taratibu uiweke kwenye hati fungani au kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja wenye ukwasi, yaani unaokuruhusu kutoa fedha zako haraka. Ikiwa unaishi kwa pensheni na hizi ni akiba za kando, kaa nazo, upokee gawio, upime kila mwaka.

Kwa kupima, taarifa za mwaka za benki zote mbili zipo kwenye tovuti zao. Chukua faida kwa kila hisa iliyokaguliwa, si zile za robo mwaka zinazochapishwa magazetini. Angalia idadi ya hisa: mwaka 2015 CRDB iliwauzia wanahisa wake hisa mpya, idadi ikapanda kutoka kama bilioni 2.18 hadi bilioni 2.61, kwa hiyo faida ya jumla ya kabla na baada hailinganishwi bila kugawanya. Kumbuka kwamba tangu Januari 2018 benki zinatenga fedha kwa hasara zinazotarajiwa, wakati zamani zilingoja hasara itokee, hivyo miaka ya kabla ya hapo inaonekana mizuri kidogo kuliko ilivyokuwa. Mfumuko wa bei utaupata kwenye fahirisi za Ofisi ya Taifa ya Takwimu: zidisha faida ya mwaka husika kwa fahirisi ya leo, gawanya kwa fahirisi ya mwaka ule, lakini hakikisha zote mbili zina mwaka wa msingi mmoja, yaani ule mwaka ambao fahirisi huhesabiwa kuanzia hapo, maana hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa.

Na huhitaji kupakua taarifa 10. Kila taarifa hubeba takwimu za mwaka wake na za mwaka uliotangulia, kwa hiyo taarifa 5, ukiruka mwaka mmoja mmoja, zinakupa miaka 10. Ukikuta mwaka fulani una namba mbili tofauti katika taarifa mbili, tumia ile ya taarifa ya baadaye.